Nafasi Namba Tisa

Kerenge, Korogwe
Jumatatu, 27 Machi 2023

Kwa Mheshimiwa Diwani Abraham Semboja,
Handeni.

Umenizidi umri, kwa hiyo shikamoo ni haki yako. Leo sikupi. Nikikupa itakuwa ya uongo, na mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, nimezoea kuusahihisha uongo kwa kalamu nyekundu.

Najua Athuman ameshakueleza yaliyotokea Jumamosi. Najua pia kwamba Athuman, mbali na kuwa mshenga wenu, ni tarishi wa halmashauri na anaogopa kupoteza kibarua chake, kwa hiyo atakuwa amekueleza nusu. Nakuandikia nusu iliyobaki.

Tulikaa kuwasubiri tangu saa tatu asubuhi. Kaka yangu Fransisko, ambaye ndiye mjomba wa binti, alivaa koti lake la harusi. Walikuwepo dada wawili wa marehemu mume wangu Laurenti, na majirani wa jumuiya. Ritha alikuwa chumbani nyuma ya pazia kama inavyotakiwa, masikio yake yote yakiwa sebuleni. Sisi tuko kwenye Kwaresima, mshenga wenu yuko kwenye Ramadhani, basi hapakuwa na la kupikiana. Kilichotukutanisha kilikuwa barua tu. Athuman akaingia na sinia, juu yake kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri, ndani ya kitambaa bahasha ya kaki. Akasema maneno ya ushenga, na aliyasema vizuri, hilo silikatai: ametumwa na mzee Semboja wa Handeni, kijana wao Erasto anatafuta jiko, na jiko ameliona katika nyumba hii. Fransisko akafungua kitambaa, akachana bahasha, akavaa miwani, akasimama na kusoma kwa sauti ile ile anayosomea masomo kanisani.

Akasoma: "Yah: Kusitishwa kwa mkataba wa ajira ya muda."

Akaendelea. Mheshimiwa, aliendelea, kwa sababu mtu aliyejiandaa kusoma posa hasikii anachokisoma. Alifika pale panaposema kwamba kutokana na hatua za kubana matumizi, nafasi yako ya uuguzi katika zahanati ya kijiji haitagharamiwa tena kuanzia tarehe mosi Mei, ndipo shangazi mmoja akauliza ni nafasi gani hiyo inayogharamiwa.

Athuman akashika kichwa. Kumbe kwenye mkoba wake alikuwa na bahasha mbili za kaki, za saizi moja, zilizochapwa na mashine moja ya ofisini kwenu. Moja ni posa ya kufungwa kwenye kitambaa. Nyingine ni ya kumfukuza Ritha kazi, ya kusainiwa kwenye kitabu cha barua. Nilipomuuliza kwa nini azibebe pamoja, alinijibu kwamba aliambiwa aunganishe safari, kwa sababu ofisi inabana mafuta na hakuna sababu ya pikipiki kwenda zahanatini kwa Ritha huko Handeni, halafu ije tena Kerenge. Posa na kufukuzwa kazi, tangi moja.

Ritha akatoka chumbani. Hakulia. Alisema barua ni yake na imeshasomwa, akaomba kitabu, akasaini, akarudi ndani. Hapo Athuman akatoa ile bahasha ya pili akamnyooshea Fransisko kwa mikono miwili. Fransisko hakuishika. Alimwambia, "Siku moja, nyumba moja, barua moja. Hiyo irudishe ilikotoka."

Nimeuliza watu. Hoja ya kupunguza watumishi wa mkataba uliitoa wewe, kwa mdomo wako, kwenye kamati ya fedha. Yaani mkono mmoja unamwomba binti yangu na mwingine unamtupa nje. Nataka unijibu kwa maandishi. Ukipiga simu sitapokea.

Grasiana Laurenti
Mwalimu


Handeni
3 Aprili 2023

Mama Ritha,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, kwa kuwa mimi sijaanza kubana salamu. Shikamoo yako baki nayo. Nimefika miaka sitini na tatu bila hiyo, na naona afya bado ninayo.

Kosa la Athuman ni kosa, nalikubali. Alikuwa amefunga, jua lilikuwa kali, bahasha zilifanana. Ushenga una faini zake, itajeni tu. Wazo la kuunganisha safari lilikuwa langu na ninalijutia, japo lisingekugusa wewe ungelisifu. Ninyi walimu ndio mnaopiga kelele kila siku kwamba serikali inachezea mafuta.

Ila kuhusu kazi ya binti, hapo sijakosea, na sitasema nimekosea ili nipate mkwe. Kamati haifukuzi mtu. Kamati hupitisha jumla. Tuliletewa mezani nafasi kumi na nne za mkataba zinazolipwa na mapato ya ndani, tukaambiwa zikiondoka tutaokoa kiasi fulani, tukaafiki. Majina hayakuwepo. Nyuma kulikuwa na jedwali la wataalamu, kurasa na kurasa, na diwani anayesoma kila jedwali la wataalamu hapati hata muda wa kwenda kuzika mtu katani kwake.

Unajua mapato ya ndani yanatoka wapi? Yanatoka mnadani. Mwaka jana ukame uliua ng'ombe mpaka wafugaji wakawa wanauza ngozi. Mnada ukabaki na wauza chai. Ushuru ukashuka, na sisi tulikuwa tumewaahidi watu kisima kirefu. Siku moja panda basi mwezi wa tisa, shuka Misima, utembee ndani ndani huko uone wanawake wamekaa na madumu tangu alfajiri, wanasubiri maji ambayo hata ng'ombe wako ungeona huruma kumpa. Kisha urudi uniambie nani alistahili zile fedha.

Watumishi wa halmashauri nzima mnaenea kwenye kumbi tatu. Wakulima hawaenei popote. Lakini kila tukikaa, ajenda ni mshahara, posho, likizo, uhamisho. Mahindi ya mkulima yakiungua na jua, hakuna anayemwandikia barua ya kusikitika yenye muhuri. Ninyi mmezoea kudhani serikali ni ninyi, na wananchi ni watu wanaowasumbua mkiwa kwenye chai.

Binti hatalala njaa. Erasto yuko ofisi ya mipango, analipwa na serikali kuu, hakuna anayemgusa. Mke wake atakula.

La mwisho. Nilipoambiwa habari za binti yako, sikuuliza babu yake alitoka wapi wala alikuja huku kufanya nini, ingawa nyumbani kwangu wapo waliouliza. Ulitakiwa kulipima na hilo.

Taja faini, tumalize.

Abraham E. Semboja
Diwani


Kerenge
12 Aprili 2023

Mheshimiwa,

Nilisubiri Pasaka ipite ili nisikuandikie nikiwa nimetoka kukomunika.

Hukuuliza, basi mimi nakujibu. Babu yake Ritha ni baba yangu mzazi. Alitoka Kasulu akaja kukata mkonge huku Korogwe, manamba, na haoni aibu huko aliko. Alikuwa na kipande. Ukimaliza kazi ya siku, msimamizi anakiwekea alama. Mizigo ya mkonge ikipungua kidogo tu, alama hupati, na siku yote inakuwa bure hata kama mgongo unakuuma vile vile. Baba alikuwa akirudi na kipande kisicho na alama, anakiweka juu ya kabati. Msimamizi naye alikuwa na maneno kama yako. Alisema anaokoa fedha za shamba. Ila sikuwahi kusikia kwamba msimamizi alijinyima alama yake.

Ndiyo swali langu kwako. Mlipoona halmashauri imekaukiwa, mkakata nafasi kumi na nne. Kwenye posho zenu za vikao mlikata nini? Nimeuliza mpaka nimejibiwa. Mlikata sambusa. Chai ya saa nne imebaki na karanga. Hiyo ndiyo damu mliyotoa ninyi.

Kisima sikipingi, tena usinifundishe habari za maji, nimebeba ndoo kichwani kuliko ulivyobeba faili. Lakini zahanati ile ilikuwa na wauguzi wawili, na mmoja ni Ritha. Akiondoka, yule mwingine akiugua au akienda semina, mlango unafungwa. Huyo mwanamke wako mwenye madumu akijikata na panga, maji ya kisima yatamshona?

Ritha anamalizia notisi yake. Kila Ijumaa anakuja hapa, anafua sare, anaipiga pasi, Jumapili anaondoka nayo. Erasto anampigia kila siku. Amemwapia kwamba yeye hakujua lolote mpaka alipoletewa habari na Athuman jioni ile, na kwamba ameumia kuliko hata Ritha mwenyewe. Kijana huyo namhurumia. Kuzaliwa na wewe hakukuwa chaguo lake.

Sasa faini. Tumekaa, mimi, Fransisko na mashangazi. Kwa kawaida tungetaka mbuzi na blanketi. Hatutaki mbuzi wala blanketi. Faini yetu ni hii: usimame kwenye baraza la madiwani, mbele ya watu, utoe hoja kwamba posho zenu zikatwe kwa kiwango kile kile mlichotumia kuwakata wengine. Ikishinda, isiposhinda, si shauri lako. Tunachotaka ni wewe usimame na useme. Ukifanya hivyo, bahasha yako tutaipokea na Fransisko ataivalia koti tena.

Usipofanya, tafutia kijana jiko kwingine. Mtu asiyeweza kumsimamia mkwewe kwa dakika tano akiwa bado yupo kwao, akishamweka nyumbani kwake hatamsimamia kamwe.

Grasiana Laurenti


Handeni
15 Mei 2023

Mwalimu,

Faini yako nimeilipa. Sasa sikiliza ilivyolipwa, ufurahi.

Alhamisi iliyopita nilisimama. Nilipotaja posho, ukumbi ulinyamaza, nikadhani wananisikiliza. Kisha mtu akakohoa, mwingine akacheka, na mwenyekiti akaniuliza kama hiyo ni hoja au ni mahari. Kumbe Athuman ameshapita mdomo wazi ofisi nzima. Nikaendelea hivyo hivyo. Nilisema hatuwezi kumwambia muuguzi afunge mkanda huku sisi tunalegeza wetu. Nilisema ukame uliokausha mnada haukuchagua. Wakati ninasema niliona kwamba ninayaamini, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana ni maneno yako.

Tulipopiga kura, mikono iliyonyooshwa ilikuwa miwili. Wangu, na wa mama Dorkasi wa viti maalumu. Baadaye aliniambia alidhani tunapigia kura chakula cha mchana.

Jumamosi nimeitwa na wazee wa chama. Nimeambiwa nina nyumba inayoniendesha, na nyumba yenyewe hata si yangu, iko Kerenge. Nimeondolewa kwenye kamati ya fedha. Rafiki niliyegombea naye miaka kumi na tano ananipita kama gogo. Umepata ulichotaka. Ulitaka kuniona nimeaibika na umeniona, na kazi ya binti haikurudi hata kwa hilo. Mimi kisima bado nakitetea, na siku kitakapotoa maji nitakunywa wa kwanza bila kukukumbuka.

Nawe usije ukasema nimekudanganya. Nimekufungia muhtasari wa kikao cha wiki iliyopita na wa kile cha Machi pamoja na viambatisho vyake vyote, kurasa arobaini, nimetoa kopi kwa fedha yangu. Soma mwenyewe na kalamu yako nyekundu.

Athuman atakuja Jumamosi ya tarehe 27. Safari hii mkoba wake utakuwa na bahasha moja tu, nimeufunga mwenyewe.

Abraham E. Semboja


Kerenge
20 Mei 2023

Mzee Semboja,

Shikamoo. Hii ni ya kweli, nakupa kwa kuwa ulisimama. Sikutegemea. Usiizoee.

Nimesoma kurasa zote arobaini, kwa sababu mwalimu husoma daftari mpaka jalada la nyuma. Ukurasa wa thelathini na saba ndio wenye lile jedwali ambalo ulisema diwani hana muda nalo. Naomba ulitafutie muda sasa. Angalia kwanza chini kabisa, palipoandikwa "Limeandaliwa na". Kisha panda mpaka mstari wa tisa, usome safu ya mwisho. Mwisho wa yote angalia tarehe.

Sikuandikii kilichopo. Karatasi ni yenu na mtoto ni wako.

Ukurasa huo nimempa Ritha. Alisoma amesimama, akakaa, akasoma tena, kisha akauliza kama chumvi ya kupikia bado ipo. Tangu juzi hapokei simu ya mtu.

Mwambie Athuman asije tarehe 27.

Grasiana


Handeni
24 Mei 2023

Mama Ritha,

Nimesoma.

Jina lililoko chini nililitoa mimi mwenyewe, siku ya ubatizo wake. Kwamba sikujua, najua huna sababu ya kuniamini, na sitakuomba. Nilipitisha jumla, kama nilivyokwambia. Nilikwambia kwa majivuno.

Nimemuuliza kwa nini. Aliponijibu nilimwambia anyamaze, majibu hayo hayastahili kusikilizwa na mimi, ayaandike kwa mkono wake ayapeleke yanakostahili. Tangu hapo sijasema naye.

Abraham Semboja


Handeni
28 Mei 2023

Mpenzi Ritha,

Simu hupokei, ujumbe husomi, na nilipokuja Kerenge Ijumaa mama alinikaribisha barazani kwa adabu yote, akanipa maji, akasema umekwenda shamba. Nilikaa saa mbili. Basi nimerudi kwenye barua, kama wazee.

Ni kweli, jedwali nililiandaa mimi. Mkuu wangu alinipa siku tatu kutafuta nafasi kumi na nne. Naomba ufikirie ingekuwa wewe. Kila jina pale ni mtoto wa mtu. Ofisi nzima ilikuwa inajua kuhusu sisi, yule Shukuru tunayekaa naye meza moja alikuwa anasubiri tu aone nitakurukaje. Ningeacha jina lako, wangesema namficha mchumba. Nilikuweka ili haki ionekane. Iliniuma, lakini nilijisemea kwamba Ritha ni mtu wa haki na atanielewa.

Nilisema sikujua kwa sababu niliogopa. Hilo ni kosa langu na naomba msamaha. Baada ya ile Jumamosi ya Athuman, ningekwambiaje? Nilitaka kwanza wazee wamalizane, tufunge ndoa, nikwambie taratibu tukiwa nyumbani kwetu.

Yale maneno ya safu ya sababu usiyaweke moyoni. Ni lugha ya ofisi. Kila mstari lazima ujazwe, kompyuta hairuhusu kuacha wazi.

Halafu tuseme ukweli, tungeishi Handeni mjini. Kila siku ungepanda bodaboda kwenda kule vumbini kwa mshahara ule? Mimi nafanya kazi, natosha. Wenzako wanaombea mume wa hivyo. Mambo ya bajeti yana wakubwa zetu wanaobishana, sisi yasitugombanishe. Karatasi moja isivunje posa ambayo wazee wameihangaikia hivi.

Nakusubiri.

Wako,
Erasto


Kerenge
4 Juni 2023

Erasto,

Nakuandikia mara moja tu, kwa hiyo soma vizuri.

Nina ukurasa wako hapa. Mlinzi wa ghala, namba sita: jengo lina uzio. Dereva, namba saba: gari ni bovu na halitengenezeki. Mpishi wa hosteli, namba nane: wanafunzi wamepungua. Kisha namba tisa, muuguzi, zahanati ya kijiji, nafasi moja. Sababu: mtumishi anatarajia kuolewa, atatunzwa na mume.

Wenzangu waliondolewa kwa sababu ya uzio, gari na wanafunzi. Mimi niliondolewa kwa sababu yako. Na hiyo unaiita haki, ili Shukuru asiseme.

Lakini si hilo lililonikalisha chini. Ukurasa una tarehe. Jedwali uliliandaa tarehe 13 Februari. Wewe uliniuliza kama nitakubali kuolewa nawe tarehe 22 Februari. Nakumbuka kwa kuwa ilikuwa Jumatano ya Majivu, tulikuwa tumesimama nje ya kanisa na mimi nilikuwa na majivu kwenye paji la uso. Ulinishika mkono ukasema nisikujibu hapo hapo, niende nikafikiri, kwamba utaheshimu jibu lolote.

Nikaenda nikafikiri. Siku tatu. Sikula vizuri. Nilimwuliza mama kama mtu anaweza kumpenda mume na kuipenda kazi yake bila kuiba upande mmoja. Nilijifungia nikasali. Nilipokwambia ndiyo, ulifumba macho kama mtu aliyepona homa, na mimi nikaona nimefanya jambo kubwa. Kumbe jibu langu lilikuwa limeshachapwa siku tisa kabla hujaniuliza, limewekwa namba, linasubiri muhuri. Halmashauri ilijua nitaolewa kabla sijaulizwa.

Ungekuja tarehe 13 ukaniambia, Ritha, wamenipa siku tatu, nimekuweka kwenye orodha, ningekasirika. Tungegombana mpaka majirani watoke nje. Na nakwambia kweli, pengine tungekwisha kuoana sasa. Kukatwa kazi nimekatwa na wengine kumi na tatu wamekatwa, ningezoea. Siwezi kuzoea mume anayenijazia mstari wangu mimi nikiwa sipo.

Kazini kwangu umekuita vumbini. Siku yangu ya mwisho kule, tarehe 30 Aprili, ilikuwa Jumapili na hapakuwa na mtu mwingine wa zamu. Nilimshona mtoto mmoja aliyeanguka juu ya bati, nyuzi sita. Mama yake alinipigia kuuliza nani atazitoa. Mlango ulikuwa umefungwa siku mbili. Nikapanda basi kutoka hapa Korogwe nikaenda nikazitoa, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za zahanati, kwa mkasi wangu. Mtoto hakulia. Hiyo haina safu kwenye jedwali lako.

Kuna hospitali ya masista wanatafuta muuguzi. Nimepeleka barua ya maombi. Wakinichukua nitakwenda, wasiponichukua nitatafuta tena.

Baba yako mpe shikamoo yangu. Mwambie mama anasema faini imelipwa yote na hadaiwi kitu. Mama hawezi kuyasema hayo kwa mdomo wake, kwa hiyo nayasema mimi.

Athuman msimlaumu, na asitumwe tena. Barua ya posa ya kwenu sijaiona hadi leo. Kwenye kitabu chake kuna saini yangu moja, ya barua moja iliyotoka kwenu. Hiyo nimeipokea.

Ritha Laurenti
Muuguzi